Ruhusa nilipewa, sasa naambiwa atendansi 71% siingii mtihani. Hii ni sawa?

kijana_wa_faza

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada manake kichwa saa hii hakifanyi kazi.

Niko chuo kimoja hapa Malindi, diploma, mwaka wa pili. Jana wamebandika listi nje ya ofisi ya idara, ya watu ambao hawataingia mtihani wa mwisho wa semista kwa ajili ya atendansi, yani mahudhurio ya darasani, na jina langu limo. Sheria ya kwetu ni 75% kila yuniti, mimi nimeandikiwa 71 kwa yuniti moja ya Alhamisi. Zingine zote niko sawa, ni hii moja tu.

Iko hivi. Bibi yangu aliyenilea alizidiwa akatolewa Faza kwa boti akaletwa hospitali ya King Fahd pale Amu (Lamu mjini), na mamangu yuko Saudia kikazi, kwa hivo hakuna mwengine wa kwenda kukaa naye ila mimi. Sikutoroka. Niliandika barua, mkuu wa idara akasaini na muhuri akapiga, nikapanda basi Alhamisi asubuhi. Bibi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukarudi naye Faza tukazika, ikaja hitima, na siku ya kutoka upepo wa kusi umechachamaa nahodha hataki hata kusikia habari ya safari, mpaka naingia Malindi ni Ijumaa ya wiki ya tatu. Hapo zimeenda Alhamisi tatu. Wao wameandika nne, hio ya nne hata sijui ni gani, lakini rejista ndio yao na mimi nilikua na mawazo mengi.

Kinachonichoma ni hiki, sasa ruhusa ilikua ya kazi gani? Yani mimi niliyekua namuuguza mtu hospitali nahesabiwa sawasawa na mtu aliyekua amekaa ufukweni Silversand anakula viazi karai saa ya darasa? Na pili, niombe nini hasa? Niongezewe asilimia, nipewe mtihani wa speshali, ama ndio nikubali kurudia yuniti mwaka ujao? Mtihani unaanza wiki ijayo. Anayejua anisaidie, matusi wekeni kando leo.

shela_boy

Pole sana kwa msiba bro. Hii ni rahisi, mtafute klasrep, yule mwakilishi wa darasa anayeshika rejista, mkae chini mnywe chai akutie sahihi mbili tatu kwa zile nafasi tupu yaishe. Kwetu ndio hufanyika ivo kila semista na hakuna aliyekufa.

maalim_mstaafu

Shela boy acha kumpoteza mtoto wa watu. Mimi nimefundisha miaka mingi huku Pwani, rejista nimezijaza mpaka vidole vimekua na sugu, na hio ya kusainiana ndio ilikua inatuletea kesi nyingi kuliko hata kunakili mtihani. Na huyu kijana yeye hasa ndio asiiguse kabisa. Barua yake ya ruhusa imo ndani ya faili pale idarani, na inasema kwa mkono wake mwenyewe kwamba tarehe fulani mpaka fulani yuko Lamu. Sasa rejista ikisema Alhamisi hio hio alikua kakaa darasani Malindi, amejishtaki. Atatoka kwa kesi ya atendansi aingie kesi ya kughushi, na hio haimalizwi na mkuu wa idara, hio inaenda kamati ya nidhamu, na klasrep naye anaenda naye.

Kijana, pole kwa kufiwa. Nikujibu swali lako la kwanza, manake wanafunzi wengi hapo ndipo huchanganyikiwa. Ruhusa na kuhudhuria ni vitu viwili. Ruhusa inakulinda usiitwe mtoro, usipewe barua ya onyo, na ukikosa CAT (majaribio ya katikati ya semista) ama praktiko siku hizo unayo haki ya kuomba ufanyiwe nyengine. Lakini katika vyuo vingi ruhusa haikufanyi uliyekua hupo ukawa ulikuepo. Zile masaa hukuzipata, na ile 75 inapima masaa, haipimi tabia. Najua inauma kusikia, lakini ndio mantiki yake.

Sasa kuna vyuo vimeandika vyengine. Kuna kanuni zinasema mwenye ruhusa ya maandishi, zile siku hutolewa kabisa kwa hesabu. Yani kama vipindi vilikua 14 na vitatu vina ruhusa, utahesabiwa kwa 11 badala ya 14. Hapo tofauti ni kubwa mno. Kwa hivo kabla hujaenda kulia kwa mtu yoyote, kitafute kile kitabu cha kanuni mlichopewa siku ya kuripoti mwaka wa kwanza, kile ambacho nyote mlisaini kwamba mmesoma na hakuna aliyefungua, usome neno kwa neno pale penye habari za mtihani. Ukikuta maneno kama "bila sababu ya kuridhisha" umepata mlango. Ukikuta inasema 75% tu bila kueleza, mlango ni mwembamba zaidi lakini haujafungwa, manake karibu kila chuo mkuu wa idara ama bodi ya mtihani ina uwezo wa kuangalia kesi ya mtu.

kijana_wa_faza

Shukran sana maalim. Hicho kitabu nimekipata kwa rafiki, changu hata sijui kiko wapi. Kinasema "mwanafunzi atahudhuria si chini ya asilimia 75 ya vipindi vilivyofundishwa katika kila yuniti, isipokuwa kwa sababu zitakazokubaliwa na idara." Sasa sijui kama ile barua iliyosainiwa ndio kukubaliwa ama ni kitu chengine.

dada_wa_wodi

Pole mdogo wangu. Kwa upande wetu sisi wa uuguzi wewe ungekua huna hata la kuuliza. Darasani kuna asilimia, sawa, lakini wodini hakuna cha 75 wala 80, masaa ya wodi ni deni. Mimi nilikosa wiki nikiwa na homa ya denge, barua ya daktari ninayo, mwalimu wa kliniko akasema pole sana dada, ukipona utakuja kufanya shifti za usiku mpaka zitimie. Na nikazifanya, wenzangu wamefunga wako kwao wanalala. Nilikua nakasirika lakini nikifikiria mtu atakuja kunichoma sindano na hajui mshipa uko wapi kwa sababu alikua na barua nzuri, naelewa.

Nilichotaka kukwambia, uliza kama kwenu masaa uliyokosa hulipwa. Kuna walimu hukubali ukae nao masaa kadhaa ama ufanye kazi ya ziada aandike kwamba umefidia. Lakini iandikwe. Ya mdomo ikifika kwa bodi inakua hadithi tu.

mbeja_wa_amu

Mimi nasoma hapa hapa Amu na nawaambia hawa wanaotunga hizi sheria hawajui bahari. Kwetu sisi boti inapita vijia vya mikoko, mai (maji) yakipwa haipiti, basi. Kila siku mai yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, sasa piga hesabu, Jumatatu hii ukitoka alfajiri mai yamejaa unafika klasi mapema unapendeza, Jumatatu ijayo saa hizo hizo mai yamekupwa umekaa juu ya mtanga unangojea mpaka karibu adhuhuri. Wiki moya niko, wiki moya sipo, mwalimu anadhani mimi nina mchezo. Mpaka nikamchukulia jedwali la maji nikamwekea mezani na siku zangu nimezipigia alama nyekundu za semista nzima, ndipo akaelewa. Hakunipa atendansi ya bure, aliniruhusu Jumatatu za maji mabaya niingie na kundi la jioni. Yeo nina zaidi ya 80.

Kwa hivo kijana ndia ni kusema mapema. Najua msiba hautoi notisi, sisemi wewe, nasema kwa wengine wanaosoma.

mzee_wa_mambrui

Mimi mzazi. Nalipa karo ya watoto wawili huko vyuoni na nawaambia ukweli, hii sheria naipenda. Isingekuepo mngekua mnaonana siku ya mtihani tu, na siku ya kuchukua pesa za HELB, ile mikopo ya serikali. Nimemkuta wangu saa nne asubuhi amelala fofofo, namuuliza huna darasa leo, anasema baba noti ziko kwa WhatsApp. Noti ziko kwa WhatsApp! Basi nikamwambia na karo itakua kwa WhatsApp.

Huyu kijana kesi yake ni ya haki, simwingizi humo. Mungu amrehemu bibi.

shela_boy

😂😂 mzee umeua. Sawa maalim nimekuskia, nafuta usemi.

klasrep_mchovu

Ngojeni kwanza. Nyote mmeruka jambo moja liko kwa post ya kwanza kabisa. Kijana amesema yeye anahesabu Alhamisi tatu, wao wameandika nne. Na kanuni yao imesema vipindi "vilivyofundishwa". Vilivyofundishwa, sio vilivyopangwa kwa taimteboo.

Piga hesabu. Yuniti ya mara moja kwa wiki, semista wiki 14. Akiwa amekosa vinne amebaki na 10, 10 kwa 14 ni 71. Hio ndio namba yao. Sasa akiwa amekosa vitatu tu ni 11 kwa 14, hio ni 78 na zaidi, amepita. Kwa hivo mzozo wote huu wa ruhusa ni ruhusa sio ruhusa unaweza kua haukuhitajika hata kidogo, yote yako kwa hio Alhamisi ya nne.

Kijana nakuuliza, semista hii kuna Alhamisi mwalimu hakutokea? Ama ilikua sikukuu? Mimi klasrep wa mwaka wa tatu nakwambia hii ndio kosa namba moja. Mwalimu anaenda semina, darasa halifundishwi, lakini kwa rejista ile kolamu ya tarehe ipo, imechapishwa tayari, kwa hivo darasa zima linaonekana halikuja. Wenye atendansi ya kutosha hawagundui manake 13 kwa 14 bado ni 92 na zaidi, nani atalalamika. Anayeumia ni yule aliye ukingoni.

Na ujue pia kilichokuponza ni kuondoka Alhamisi na kurudi Ijumaa. Zile yuniti zako za Jumatatu na Jumatano hukuumia kwa sababu huko umekosa viwili viwili tu, sio vitatu. Yuniti ya mara moja kwa wiki haina huruma, ukikosa kipindi kimoja umepoteza asilimia saba papo hapo.

kijana_wa_faza

Subhanallah. Iko. Wiki ya tano ama ya sita hivi mwalimu alikua Mombasa kwa mafunzo, akatuma mesiji asubuhi kwa grupu kwamba hakuna darasa na kipindi tutalipwa siku nyengine, na hatukulipwa mpaka leo. Ngoja nimpigie klasrep wetu.

kijana_wa_faza

Nimerudi. Klasrep ameangalia nakala ya rejista kwa simu yake, hio tarehe haina sahihi hata moja, darasa zima ni dashi. Na mesiji ya mwalimu bado iko kwa grupu, tarehe na saa vyote vinaonekana.

klasrep_mchovu

Basi imekwisha hio. Vilivyofundishwa ni 13, wewe umeingia 10, hio ni karibu 77. Umepita bila kuomba huruma ya mtu.

maalim_mstaafu

Klasrep hapo umenizidi, nimesoma ile post nikaenda moja kwa moja kwa ruhusa.

Sasa kijana sikiza utaratibu, usiende kule na simu mkononi ukitoa sauti. Nenda kwanza kwa mwalimu wa yuniti mwenyewe, kwa adabu, asijione anashtakiwa. Mwambie maalim naomba tuangalie rejista pamoja, kuna tarehe darasa halikukaa. Walimu wengi wakionyeshwa kitu kama hicho hurekebisha hapo hapo, manake na yeye hataki iulizwe mbona kipindi hakikulipwa. Akisaini marekebisho ndio unapanda kwa mkuu wa idara. Barua iwe fupi, ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, yuniti, vipindi vilivyofundishwa 13, nilivyohudhuria 10, naomba jina langu liondolewe kwa listi. Ubandike na nakala ya ruhusa yako nyuma, sio kama hoja ya kwanza, ni ya akiba, pamoja na kibali cha maziko. Ombea nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, wiki ijayo utaambiwa hatujaona barua.

Na wakikataa, omba wakupe sababu kwa maandishi. Hii sio jeuri, katiba ya 2010 kifungu cha 47 kinasema mtu akiathiriwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na kuna sheria ya 2015 ya kukitia nguvu. Huhitaji kukitaja. Omba tu sababu kwa karatasi uone vile watu huanza kupekua upya.

mpwani_wa_yunivasiti

Niongeze kuhusu lile swali la speshali, manake halijajibiwa. Kwanza kwetu yunivasiti sheria ni theluthi mbili sio 75, kwa hivo 10 kwa 14 mimi ningeingia mtihani natembea. Kila chuo na lake, usichukue la jirani ukaenda kubishana nalo.

Halafu speshali na sapu sio kitu kimoja. Speshali ni ya mtu aliyekua anastahili kuingia mtihani lakini akashindwa siku hio, labda amelazwa, amefiwa. Akija kuufanya unahesabiwa kama wa kwanza, alama zake anapewa zote. Sapu ni ya aliyefanya akaanguka, na huko vyuo vingi hata ukipata 80 wanakuandikia ile alama ya kupita tu, basi. Na ritek ni kurudia yuniti nzima, darasani tena, na mara nyingi unalipia. Sasa mtu wa atendansi wengi hupelekwa ritek moja kwa moja, ndio maana usikubali haraka haraka mtu akikwambia "utafanya tu baadaye". Muulize, baadaye kwa jina gani?

ukhty_maweni

Naomba kuuliza hapa hapa msiniambie nifungue uzi mwengine. Sisi Ijumaa tuna darasa saa tano mpaka saa nane, vijana wa kiislamu wanatoka kwenda Jumaa, na huyu mwalimu rejista anaipitisha saa saba u nusu makusudi. Kakangu ameshakosa karibu zote. Hio nayo ni sawa?

maalim_mstaafu

Sio sawa, lakini asipigane na mwalimu peke yake. Kifungu cha 32 cha katiba kinakataza mtu kunyimwa kuingia taasisi ama kupata haki yake kwa sababu ya dini, kwa hivo msingi upo. Ila njia ya haraka ni ofisi inayopanga taimteboo. Waandike barua ya pamoja, wote wanaotoka, waombe mapumziko ya saa moja hapo katikati ama kipindi kianze saa mbili asubuhi. Hii Malindi bwana, sio mara ya kwanza wanaombwa hilo, nusu ya ofisi wenyewe wako msikitini saa hio. Na zile Ijumaa zilizopita aombe rejista ionyeshe wale waliokuepo mpaka saa saba kasoro.

shela_boy

Na mimi basi nina swali la ukweli. Mimi nilizuiliwa getini wiki mbili kwa sababu ya karo, jina halikua kwa listi ya waliolipa. Hizo wiki mbili nahesabiwa sikuja?

klasrep_mchovu

Unahesabiwa. Mimi naona ni uonevu mtupu, wao wanakufungia mlango halafu wanakuandika hukuingia, lakini ndivyo inavyohesabiwa sehemu nyingi manake rejista ya mwalimu haijui habari za ofisi ya fedha. Siku hio hio unayorudishwa getini ingia ofisi ya fedha uombe karatasi inayoonyesha tarehe uliyozuiliwa na tarehe uliyoruhusiwa, wengi hurudi nyumbani moja kwa moja bila ushahidi wowote. Na kama barua ya basari ya kaunti iko njiani, peleka nakala, kuna ofisi hukuruhusu kuingia darasani ukingojea pesa zitoke. Wewe uko asilimia ngapi?

shela_boy

Sijui hata. Kesho naenda kuangalia.

kijana_wa_faza

Mwalimu amepokea simu yangu. Amesema hio siku anaikumbuka, nije na klasrep kesho saa mbili kabla hajaingia darasani. Barua nimeshaandika, nangojea saiba (duka la kompyuta) ifunguliwe niiprinti nakala mbili.

maalim_mstaafu

Print tatu.